Kompyuta isiyoipigia redio kelele: ThinkPad T480 na Linux mjini Lubumbashi

Muuzaji aliponiona nikitoa mfukoni kijiti cha chuma chenye waya na kukichomeka kwenye kompyuta aliyokuwa ameanza kunisifia, aliinuka kitini. "Papa, ile kitu unaingiza mu mashini ni nini? Haiwezi kuiharibisha?" Nilimjibu kwamba ni redio, na kwamba singetoa hata dola moja kabla sijaona kompyuta hiyo ikiihudumia redio yangu kwa robo saa. Alicheka, akamwita mwenzake aje kushuhudia, kisha akanisogezea kiti. Duka lenyewe ni chumba kimoja katikati ya jiji, chenye rafu mbili za kompyuta mpakato zilizokwisha kutumika katika ofisi za Ulaya, na umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, jambo ambalo kwa shughuli yangu lilikuwa bahati njema, kama nitakavyoeleza.

Kijiti hicho ni kipokezi cha RTL-SDR, yaani redio ambayo sehemu kubwa ya kazi yake imehamishiwa kwenye programu. Chipu iliyomo ndani, RTL2832U ya Realtek, ilitengenezwa kwa ajili ya kupokea televisheni ya dijitali. Mwaka 2012 wapenzi wa programu huria walionyesha kwamba inaweza kutoa sampuli ghafi za mawimbi bila kuzifasiri, na tangu hapo mtu wa kawaida ameweza kusikiliza kwa kifaa kimoja karibu kila kilichopo kati ya megahezi 24 na 1,766. Yale yaliyokuwa yakifanywa na koili, kapasita na vichujio sasa hufanywa kwa hesabu ndani ya kichakataji. Ndiyo maana nasema kwamba anayenunua kompyuta kwa kazi hii ananunua nusu ya redio yake, na hafai kuichagua kama achaguavyo mashine ya kuandikia barua.

Hilo nililijua kwa nadharia tu wakati nilipofanya kosa langu la kwanza. Kompyuta niliyokuwa nayo kabla ya hii, ambayo sitaitaja jina, ilikuwa mpya, nyembamba, na kichakataji chake kilikuwa na nguvu zaidi ya hiki ninachokisifia leo. Lakini kila nilipofungua programu ya Gqrx na kushuka kwenye mawimbi mafupi, mchoro wa maporomoko, ile picha ya rangi inayotiririka kuonyesha nguvu ya mawimbi katika kila masafa, ulijaa mistari ya wima iliyopangika kwa umbali sawa kama meno ya kitana. Nilibadilisha antena mara tatu. Nilipanda juu ya bati la nyumba yangu mtaani Bel-Air, nikashuka na vidole vilivyochubuka, na mistari ikawa bado palepale. Kisha jioni moja umeme ulikatika mtaa mzima. Mwanga wa kioo ulipungua kidogo kwa sababu kompyuta ilikuwa imehamia kwenye betri, na sehemu mpya iliyoanza kuteremka kutoka juu ya mchoro haikuwa na meno tena: ilikuwa bluu iliyokoza, safi, na katikati yake vituo vitatu ambavyo sikuwahi kuviona vilikuwa vimesimama kama nguzo. Niliwahi kusikiliza kimoja tu, kwani betri ya kompyuta ile ilidumu dakika 40.

Sababu yake si ya ajabu. Chaja za siku hizi hukatakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde ili kuushusha, na kila mkato huzaa mawimbi ya masafa yake, pamoja na ya mara mbili, mara tatu na kuendelea, hadi yanafika kwenye mawimbi mafupi na wakati mwingine kuyapita. Chaja iliyotengenezwa kwa uangalifu ina vichujio vya kuyazuia, ilhali ile ya kuigiza inayouzwa kando ya barabara mara nyingi haina kitu ndani zaidi ya kile kinachoifanya iwake. Taa za LED za bei rahisi, vidhibiti vya paneli za jua na vigeuzi vya umeme vya majirani hufanya vivyo hivyo. Basi katika jiji letu saa za giza ndizo saa za kusikiliza. Majirani wananung'unika, nami nakimbilia antena kwa furaha ambayo sithubutu kuionyesha. Tangu jioni ile, swali langu la kwanza juu ya kompyuta yoyote ya redio halihusu gigahezi wala idadi ya viini. Nauliza itakaa saa ngapi kwenye betri huku ikifanya kazi kwelikweli, na betri yenyewe inabadilishwaje.

Kwa swali hilo ThinkPad T480, ambayo Lenovo iliitoa mwaka 2018, ina jibu ambalo kompyuta nyingi mpya zimelisahau. Ina betri mbili. Ya kwanza, ya saa-wati 24, imo ndani. Ya pili inachomekwa kwa nyuma chini, nayo hupatikana kwa ukubwa wa saa-wati 24, 48 au 72. Kwa kuwa ya ndani inaendelea kuishikilia kompyuta, ya nje inaweza kuchomolewa na kuwekwa nyingine bila kuizima na bila redio kukosa hata neno moja. Hili nimelifanya katikati ya kurekodi, gizani, kwa kupapasa latchi mbili za chini, na mchoro haukuyumba.

Betri za kompyuta iliyotumika hazifai kuaminiwa kwa maneno. Pale dukani niliiwasha T480 kwa flashi yenye Debian, moja ya mifumo endeshi ya Linux, niliyoiandaa nyumbani, nikaandika amri ya upower -d, ambayo huonyesha betri ilizaliwa na ujazo gani na sasa inabeba kiasi gani. Ya ndani ilikuwa imebaki na 17.6 kati ya 24, na ya nje 31 kati ya 48. Kompyuta hii ikipokea kwa RTL-SDR, kioo kikiwa kwenye nusu ya mwanga na Wi-Fi imezimwa, kwangu hula takriban wati 11, kwa hiyo hesabu ilinipa saa nne na kidogo. Muuzaji alikuwa amesema saa nane. Nilimwonyesha namba hizo, akazitazama kwa muda, akasema, "Sawa papa, kama mashini yenyewe inasema hivi, tuongee bei." Tulianzia dola 300 tukaishia 260.

Jaribio lililomfurahisha zaidi lilikuwa la rtl_test. Ukiiandikia rtl_test -s 2400000, kijiti kinatoa sampuli milioni 2.4 kwa sekunde, na programu inahesabu kama kuna yoyote iliyopotea njiani. Kila sampuli ni baiti 2, hivyo mzigo wote ni megabaiti 4.8 kwa sekunde, kiasi ambacho hata USB 2.0 inakibeba bila taabu. Kompyuta ikiangusha sampuli kwa mzigo huo mdogo, kuna kasoro mahali. Ile T480 ya kwanza niliyopewa ilikaa kimya kwa dakika mbili, kisha nilipougusa tu waya ikaanza kuandika kwamba baiti zimepotea, tena na tena. Tundu lake la USB lilikuwa limelegea kwa miaka ya kuchomekwa na kuchomolewa, na kwa macho lilionekana zima kabisa. Ya pili ilimaliza robo saa nzima bila kuandika chochote, hata nilipoutikisa waya kwa makusudi. Hiyo ndiyo niliyoondoka nayo. Ushauri wangu kwa yeyote anayenunua kompyuta iliyotumika ni kujaribu kila tundu moja baada ya jingine, kwa sababu redio hizi hazisamehe tundu bovu kama kipanya kinavyosamehe.

Kichakataji sitakaa nacho sana. T480 nyingi zina kichakataji cha kizazi cha nane cha Intel, na zile za Core i5 za kizazi hicho, kama yangu, zina viini 4 vinavyoendesha nyuzi 8, yaani kazi nane sambamba, wakati T470 iliyoitangulia ina viini 2 tu. Kinachohitajika zaidi ni uwezo wa AVX2, ambao Intel ilianza kuuweka mwaka 2013 katika kizazi cha nne, kwa sababu maktaba ya VOLK inayobeba hesabu nzito za GNU Radio, programu ya kujijengea redio yako mwenyewe, hutumia amri hizo kushughulikia namba nyingi kwa mpigo mmoja. Baada ya kusakinisha GNU Radio inafaa kuendesha volk_profile mara moja na kuiacha ichague njia ya haraka zaidi kwa mashine hiyo. Kuhusu RAM, gigabaiti 8 zinatosha kusikiliza. Anayetaka kujijengea GNU Radio mwenyewe kutoka kwenye msimbo wake atafute 16, la sivyo ajenge kwa kiini kimoja na awe na subira. Ndani ya T480 kuna nafasi mbili za RAM zinazofunguliwa kwa bisibisi ya kawaida, kwa hiyo hili linaweza kungoja mshahara ujao.

Diski ndiyo inayowashtua wengi, nami ilinishtua. Gqrx inaporekodi mawimbi ghafi huandika kila sampuli kwa baiti 8, si 2, kwa hiyo milioni 2.4 kwa sekunde huwa megabaiti 19.2 kwa sekunde, yaani karibu gigabaiti 69 kwa saa moja. Usiku mmoja niliiacha irekodi nikalala. SSD yangu ya gigabaiti 256 ilijaa kabla ya jogoo wa kwanza, na asubuhi kompyuta haikuwa na nafasi ya kuandika hata jina la faili. Anayetumia HackRF One, redio nyingine ya kuchomeka inayotoa sampuli milioni 20 kwa sekunde, apige hesabu ya megabaiti 40 kwa sekunde hata akirekodi kwa baiti 2 tu kwa sampuli, ambayo ni gigabaiti 2.4 kila dakika, na aisahau kabisa diski ya kuzunguka. Kifaa hicho hukaribia kikomo cha USB 2.0 kinayoitumia, na hapo ndipo mtu huanza kuona herufi O zikijipanga kwenye dirisha la amri, moja kwa kila mara kompyuta inapochelewa kuchukua kilicholetwa. T480 yangu inakihimili kwa kusikiliza. Ninapoongeza michoro mitatu na kurekodi kwa wakati mmoja, O huonekana. Kwa vifaa vikubwa zaidi kama USRP B210 au LimeSDR, vinavyotaka USB 3.0 na vyenye upana wa makumi ya megahezi, ningetafuta mashine nyingine. Na kwa kuwa HackRF inaweza pia kurusha mawimbi, izingatiwe kwamba kurusha ni jambo la kibali, wala si la kujaribia nyumbani.

Kwa upande wa mfumo endeshi nilichagua Debian, si kwa ushabiki, bali kwa sababu vifurushi vya intaneti hapa hulipiwa kwa megabaiti na sikutaka kupakua mfumo wenye kila kitu ndani yake. DragonOS, iliyojengwa juu ya Lubuntu kwa ajili ya redio hizi, ni nzuri kwa asiyetaka kusakinisha programu moja moja, ila faili lake ni la gigabaiti kadhaa. Katika Debian, gqrx-sdr, gnuradio na rtl-sdr zimo tayari kwenye hazina yake ya programu. Wi-Fi ya Intel iliyomo kwenye T480, tundu la waya wa mtandao, usingizi wa kufunga kifuniko, vyote vilifanya kazi bila mimi kugusa chochote zaidi ya kuruhusu programu-firimu, yaani programu ndogo zinazoishi ndani ya vifaa vyenyewe. Kikwazo ambacho kila anayeanza hukutana nacho ni kwamba kerneli, ule moyo wa Linux, ikikiona kijiti, hukidhania kuwa ni televisheni na kukikabidhi kwa moduli ya dvb_usb_rtl28xxu, kisha programu ya redio inalalamika kwamba kifaa kinatumika na mwingine. Dawa ni kuiweka moduli hiyo kwenye orodha ya zile zisizoruhusiwa kupakiwa. Na mwenye toleo la V4 la RTL-SDR Blog, kama mimi, ahakikishe viendeshi vyake ni vipya, kwa maana vya zamani hukitambua kijiti lakini havikiendeshi inavyopaswa, na mtu anaweza kumaliza juma zima akilaumu antena.

Je, T480 yenyewe, ikiwa kwenye betri, inanyamaza? Si kabisa, hakuna kompyuta inyamazayo kabisa. Nikichomeka kijiti moja kwa moja ubavuni mwake naona mistari michache hafifu. Nikiweka waya wa USB wa mita moja na nusu katikati, wenye pete ya feraiti ya kuzuia kelele kila mwisho, mistari karibu yote inatoweka, na hiyo ni gharama ndogo kuliko soda chache. Anayesikiliza karibu na gigahezi 2.4 akumbuke kwamba USB 3.0 yenyewe hutoa kelele katika eneo hilo. Kwa megahezi 137 ninakofanyia kazi zaidi, mashine hii ni tulivu.

Huko ndiko ziliko setilaiti za hali ya hewa za Urusi, Meteor-M N2-3 na N2-4, zinazotuma picha kwenye eneo hilo. Zile za Marekani, NOAA 15, 18 na 19, zilizowafundisha wengi wetu kazi hii, zilizimwa mwaka 2025. Natumia antena ya mikono miwili ya sentimita 53 iliyofunguliwa kwa pembe ya nyuzi 120, iliyolala juu ya kreti ya chupa uani, na programu ya SatDump. Setilaiti inapita kwa muda usiozidi robo saa, na picha inajitokeza mstari kwa mstari huku kompyuta ikifasiri papo hapo. Asubuhi moja ya kiangazi nililiona ziwa Tanganyika likiteremka kwenye kioo kama ufa mweusi mrefu, kisha Mweru, doa lililolala kusini-magharibi yake, na mahali tulipo sisi hapakuwa na wingu hata moja. Feni ilikuwa inazunguka polepole kiasi kwamba niliyasikia majani ya mwembe.

Yasiyonipendeza nayo yapo. Kioo cha kawaida cha T480 hakina mwanga wa kutosha kwa uani wakati wa mchana, na baadhi ya zinazouzwa hapa zina kile cha nukta 1366 kwa 768, ambacho ni finyu mno kwa mchoro wa maporomoko. Mnunuzi asisitize 1920 kwa 1080. Katika Linux, familia hii ya ThinkPad inajulikana kwa kupunguza kasi mapema inapopata joto, ndiyo maana kukatengenezwa programu ndogo iitwayo throttled ya kulirekebisha hilo. Muhimu zaidi, tundu la Thunderbolt la modeli hii lilikuwa na kasoro ya programu-firimu inayoweza kuliua kwa muda mrefu wa matumizi, na Lenovo ilitoa marekebisho. Kwa hiyo pale dukani lijaribiwe, kisha marekebisho yawekwe siku ileile. Vumbi jekundu la kiangazi chetu hujaza feni, hivyo nafungua kifuniko cha chini mara mbili kwa mwaka. Kibodi yangu ni ya Kijerumani. Sisi tuliokulia kwenye AZERTY tutaandika z mahali pa y kwa miezi miwili, halafu tutazoea.

Asiyeipata T480 anaweza kutazama HP EliteBook 840 G5 au Dell Latitude 7490, za mwaka huohuo na vichakataji vya kizazi kilekile, lakini betri yao ni moja na iko ndani, na kwangu hilo linaziweka nyuma. T490, ingawa ni mpya zaidi, imeipoteza betri ya nje. T470 bado inayo, na kwa anayetumia RTL-SDR peke yake viini 2 vinamtosha. Aidha, kwa kuwa Windows 11 haiikubali rasmi T470 hiyo na msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, mtumiaji wa Linux ana nguvu ya kuipigania bei.

Siku ile dukani, wakati muuzaji anaandika risiti, umeme ulirudi. T480 ilikuwa bado kwenye betri, Gqrx iko wazi, nami nilikuwa nimeegemea kaunta. Taa sita za LED darini ziliwaka, na meno ya kitana yakaanza kushuka kwenye mchoro. Muuzaji aliacha kalamu. "Papa, angalia, mistari inarudia!" Nilimwonyesha darini kwa kidole. Akaenda kwenye swichi, akazima, akawasha, akazima tena, huku mwenzake akiwa ameinamia kioo akimpigia kelele kila mara mistari inapoondoka.